Shajara ya mradi: kuchagua madume ya mbegu kwa kundi la ng'ombe wa nyama, Kongwa, 2023–2025

Agosti 2023

Kundi letu huchungwa katika nyanda kavu zilizo kati ya Kongwa na Mpwapwa, mkoani Dodoma, ambako mvua huanza Desemba na kukatika Aprili, na miezi yote inayobaki ng'ombe huishi kwa nyasi zilizokauka, majani ya vichaka na mabua ya mtama na mahindi yaliyoachwa mashambani. Majike wengi ni zebu (ng'ombe wa nundu) wa Kigogo waliochanganywa na aina ya Boran kwa vizazi viwili au vitatu. Madume tuliokuwa nao wamezeeka, na mabinti zao wamekwisha kufikia umri wa kupandwa. Familia imekubaliana kwamba madume wabadilishwe, na kwamba safari hii uchaguzi ufanywe kwa kumbukumbu zilizoandikwa, si kwa macho peke yake.

Kabla ya kwenda kumtazama dume yeyote tuliketi tukaandika tunachokitaka. Mapato yetu hutokana na maksai wanaopelekwa mnadani wakiwa na miaka mitatu hadi minne, na baadhi yao hufika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kwa kuwa mnunuzi hukadiria kwa jicho na hulipa zaidi kwa mwili mkubwa, mfugaji hushawishika kutafuta dume mkubwa kuliko wote wanaopatikana. Hata hivyo dume anayezaa maksai wakubwa huzaa pia mabinti wakubwa, na mabinti hao ndio tutakaobaki nao Septemba na Oktoba malisho yakiwa yamekwisha. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu kinachokaribia asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani jike wa kilo 350 huhitaji kama kilo 9, na jike wa kilo 450 huhitaji kilo 11 na zaidi. Penye majani mwaka mzima, ziada hiyo hurudi kwa njia ya ndama mzito. Kwetu, jike wa kilo 450 hufika msimu wa kupandishwa mbavu zikihesabika, hashiki mimba, na mwaka mzima unapita bila ndama.

Lengo tuliloliandika ni hili: majike wazima wenye uzito wa kati ya kilo 330 na 380, wanaozaa kila mwaka bila kulishwa pumba, na ambao ndama wao wa kiume wakihasiwa hufikia kilo 350 wakiwa na miaka mitatu. Kila dume tutakayemtazama tutamuuliza swali la kwanza kuhusu mabinti atakaowaacha, na swali la maksai litafuata. Sababu ni hesabu nyepesi ya urithi. Nusu ya vinasaba vya ndama hutoka kwa baba, na ikiwa mitamba wa nyumbani ndio wanaobakizwa, basi baada ya vizazi vitatu asilimia 87.5 ya vinasaba vya kundi huwa vimetoka kwa madume watatu wa mwisho. Kwa hiyo anayenunua dume leo ananunua kundi zima la miaka kumi ijayo.

Septemba 2023

Mwezi huu tulipitia daftari la uzito wa ndama. Wote huvishwa hereni wanapozaliwa na hupimwa kwenye mzani wa kibanio (njia nyembamba ya kumbana ng'ombe) siku ya kuachishwa kunyonya, lakini kwa miaka iliyopita uzito huo uliandikwa ulivyo, bila kujali umri. Tumeusahihisha wote hadi siku 205, kama ilivyo desturi ya wafugaji wa ng'ombe wa nyama katika nchi nyingi. Hesabu yake haihitaji kompyuta: uzito wa kuzaliwa hutolewa kwenye uzito wa kuachishwa, tofauti hugawanywa kwa idadi ya siku alizoishi ndama, huzidishwa kwa 205, kisha uzito wa kuzaliwa hurudishwa juu yake.

Mfano mmoja uliwashangaza hata wachungaji wenye uzoefu. Ndama mmoja alizaliwa na kilo 24 na siku ya 220 alikuwa na kilo 150, mwenzake alizaliwa na kilo 23 na siku ya 190 alikuwa na kilo 138. Zizini wa kwanza alionekana bora, kwa kuwa alikuwa mrefu na mwenye mgongo mpana. Baada ya kusahihishwa, wa kwanza alipata kilo 141 na wa pili kilo 147. Mama wa huyo wa pili alikuwa kwenye orodha ya kuuzwa kwa sababu ya udogo wake, naye ni jike wa kilo 335 aliyezaa kila mwaka tangu uzao wake wa kwanza. Ameondolewa kwenye orodha.

Jambo jingine tulilolizingatia ni kulinganisha wanaolingana. Ndama wa mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza hawezi kuwekwa kwenye mizani moja ya hukumu na ndama wa jike wa uzao wa nne mwenye maziwa mengi, wala ndama wa mwaka wa ukame na ndama wa mwaka wa mvua. Tumeyagawa makundi kwa msimu wa kuzaliwa, jinsia ya ndama na umri wa mama, na ubora wa kila ndama sasa huandikwa kama tofauti yake na wastani wa kundi lake. Nchi kama Australia zina mifumo ya kitaifa inayofanya hesabu hizi kwa maelfu ya wafugaji na kutoa makadirio ya thamani ya kila dume. Madume tutakaowanunua hapa hawatakuja na makadirio hayo, kwa hiyo daftari hili ndilo litakalotuambia kama tulichagua vema.

Oktoba 2023

Mjadala wa mwezi ulikuwa juu ya aina ya ng'ombe. Boran alikuwa na watetezi wengi, na kwa haki. Asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, na wafugaji wa ranchi za Kenya, hasa Laikipia, walimchagua kwa ajili ya nyama kwa miongo mingi. Chama cha wafugaji wa Boran nchini Kenya kiliundwa mwaka 1951. Hapa Kongwa damu yake si ngeni, kwa kuwa baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kushindwa, sehemu ya ardhi yake iligeuzwa kuwa malisho, na Ranchi ya Kongwa iliyo chini ya NARCO, Kampuni ya Ranchi za Taifa, hufuga Boran hadi leo. Jike wa Boran hutembea mbali kutafuta maji, hulinda ndama wake, na hurejesha mwili upesi mvua zinapoanza.

Baadhi ya vijana wa familia walipendekeza mbegu za ng'ombe wa Ulaya kwa ajili ya nguvu ya chotara. Hoja yao ina ukweli, kwa maana chotara wa kwanza kati ya zebu na ng'ombe wa Ulaya hukua haraka kuliko wastani wa wazazi wake wawili. Lakini nguvu hiyo hukamilika katika kizazi cha kwanza tu. Chotara akirudishwa kwa dume wa upande mmoja, nusu yake hupotea. Mwenye mpango wa kuuza chotara wote wa kike na wa kiume na kununua majike wapya kila mara anaweza kunufaika. Sisi tunabakiza mitamba, na mtamba mwenye nusu ya damu ya Ulaya katika nchi ya ndigana kali na ndigana baridi, magonjwa yanayoletwa na kupe, na ya jua la Oktoba, anahitaji josho lisilokosa dawa hata wiki moja. Kwa mtazamo wangu huo ni msingi dhaifu wa kujengea kundi, na wazee walikubali.

Ng'ombe aina ya Mpwapwa alizungumzwa kwa muda mrefu, tena kwa heshima inayomstahili, kwa sababu ni kazi ya jirani zetu. Alitengenezwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa kwa kuchanganya Sindhi Mwekundu na Sahiwal, ambao ndio zaidi ya nusu ya damu yake, pamoja na zebu wa hapa, Boran na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, na jina lake lilitambuliwa mwaka 1958. Alikusudiwa kutoa maziwa na nyama katika ukame wa Dodoma. Mashaka yaliyotolewa ni kwamba maziwa mengi humkondesha mama wakati wa kiangazi. Faida yake ni kwamba majike wetu wenye damu nyingi ya Boran wangepata damu mpya bila kupoteza ustahimilivu.

Uamuzi: madume wawili wa Boran kutoka ranchi mbili zisizo na udugu, na mbegu za Mpwapwa kwa njia ya uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa mrija, kwa sehemu ya majike, ili tuone ndama wao kwenye malisho yetu wenyewe.

Novemba 2023

Tumetembelea ranchi na wafugaji binafsi. Jambo lililonielemea ni unene wa madume wanaotengwa kwa ajili ya kuuzwa. Dume aliyelishwa pumba na mashudu kwa miezi mingi hung'aa, na nundu yake hujaa, lakini mafuta hujilimbikiza pia kwenye shingo ya mfuko wa korodani, korodani zikashindwa kupoa, na mbegu zikaharibika. Dume kama huyo akipelekwa kwenye malisho makavu hupoteza mwili katika wiki chache ambazo ndizo za kazi. Tulipoonyeshwa madume wa namna hiyo tuliomba kuona wenzao waliobaki malishoni.

Katika ranchi mojawapo tulionyeshwa madume wawili wa umri mmoja. Wa kwanza alikuwa mkubwa kwa dhahiri. Wa pili alikuwa wa wastani, mwenye kifua kipana, miguu iliyosimama wima na kwato fupi zilizokaza. Mchungaji mkuu alikuwa mzee aliyewafahamu ng'ombe wote kwa sura, na baada ya salamu nilimuuliza, "Mzee wangu, mama wa huyu wa pili yuko katika kundi lipi?" Akamwonyesha kwa fimbo. "Yule pale, mwanangu, mwenye pembe iliyopinda. Huyo hajawahi kupitisha mwaka." Daftari la ranchi lilithibitisha neno lake: alizaa akiwa na miaka mitatu, na kila mwaka baada ya hapo. Mama wa dume mkubwa alizaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne na nusu, akapitisha mwaka, akazaa, akapitisha tena. Ukubwa wa mwanawe ulitokana kwa sehemu na kunyonya muda mrefu bila mdogo wake kuja.

Tulimchukua wa pili, naye katika daftari letu ni dume 41. Uwezo wa kuzaa hurithiwa kwa kiwango kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 10 ya tofauti zinazoonekana, ilhali uzito wa mwaka mmoja hurithiwa kwa asilimia 40 hivi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi kumtazama mama. Kwetu kumbukumbu ndefu ya mama ina uzito kwa sababu kila uzao ni shahidi mwingine, na jike aliyezaa mara sita mfululizo katika nchi kavu ametoa ushahidi ambao mzani wa siku moja hauwezi kuutoa.

Dume 67 alitoka ranchi nyingine. Jambo lililompa nafasi, mbali na uzito wake wa kuachishwa uliozidi wastani wa kundi lake, ni govi lililokaa karibu na tumbo. Boran wengi wana govi linaloning'inia, na katika vichaka vya miiba kama vyetu hukwaruzwa, huvimba na kuota vidonda, na dume mwenye kidonda hapo hapandi. Tulimwacha dume mwingine mzuri kwa sababu hiyo moja. Tulimwacha pia mmoja aliyeruka uzio wa kibanio mara mtu alipomsogelea, kwa kuwa tabia hurithiwa vya kutosha na wanaochunga kundi letu ni pamoja na vijana wadogo wa familia.

Januari 2024

Madume wote wawili wako karantini, mbali na kundi, wakiogeshwa na kulishwa nyasi za eneo letu. Daktari wa mifugo amechukua damu kwa ajili ya ugonjwa wa kutupa mimba, na ameosha govi kuchukua sampuli za trikomona na kampilobakta, magonjwa mawili yanayosambazwa kwa kupandana ambayo dume huyabeba bila dalili yoyote huku majike wakirudia joto mwezi hadi mwezi. Kwa dume mwenye umri mkubwa hatari huzidi, kwa sababu mikunjo ya ngozi ya govi huwa mirefu na vijidudu hujificha humo. Madume wetu ni vijana wa miaka mitatu, lakini tumepima hata hivyo. Wote wamekutwa salama.

Kipimo cha mbegu kilileta taarifa tofauti. Dume 41 alipimwa mzingo wa korodani na kupata sentimita 34, mbegu zake zikiwa na mwendo mzuri na zaidi ya asilimia 70 zikiwa na umbo la kawaida, ambacho ndicho kiwango kinachotakiwa. Mzingo huo ni sifa inayorithiwa kwa nguvu, na mabinti wa dume mwenye korodani kubwa huelekea kubalehe mapema, jambo linaloingia moja kwa moja katika lengo letu. Dume 67 alipata sentimita 33, lakini mbegu zenye umbo la kawaida hazikufika nusu. Mwezi Desemba alikuwa ameugua homa ya ndigana baridi baada ya kufika hapa, akatibiwa akapona. Homa kali huharibu mbegu zinazotengenezwa wakati huo, na mbegu huchukua siku zipatazo 61 kutengenezwa na zaidi ya wiki moja kukomaa kabla ya kutoka. Kilichoonekana kwenye darubini Januari kilikuwa kivuli cha homa ya Desemba. Daktari alishauri apimwe tena katikati ya Machi, na tukakubali kusubiri badala ya kumwacha apande akiwa na hali hiyo, maana jike anayerudia joto mara mbili msimu huu atazaa mvua zikiwa zimesonga mbele.

Februari hadi Aprili 2024

Mvua za El Niño zilizonyesha kwa wingi nchini tangu mwishoni mwa mwaka jana zimejaza malambo, na nyasi zimefika magotini. Msimu wa kupandisha ulianza wiki ya tatu ya Februari na utafungwa mwisho wa Aprili. Mimba ya zebu huchukua takriban siku 285, kwa hiyo ndama wa kwanza wataanguka mwanzoni mwa Desemba, nyasi zikianza kuchipua. Muda huo wa zaidi ya siku 63 huruhusu kila jike kuingia joto mara tatu, na asiyeshika katika mara tatu penye majani mengi kiasi hiki hatuna sababu ya kumlisha kiangazi kizima.

Majike waliokwisha kuzaa waligawanywa katika makundi mawili yenye umri unaolingana. Kundi la kwanza lilipewa dume 41, majike wasiozidi 25, kwa kuwa dume kijana asiyejua kazi hapewi mzigo wa dume mzima. Kundi la pili, lililokuwa likimsubiri dume 67, liliwekewa kifaa cha homoni kwa siku saba na kuchomwa sindano ili waingie joto kwa pamoja, kisha wakahimilishwa kwa mbegu za Mpwapwa. Bila njia hiyo uhimilishaji wa zebu malishoni ni mgumu sana: joto lao ni fupi, mara nyingi huja usiku, na dalili hazionekani kwa urahisi kama za ng'ombe wa maziwa. Mrija wa mbegu, uliohifadhiwa katika nitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu wa mwili kwa nusu dakika hivi, na mhimilishaji hana nafasi ya kuuweka chini kwanza akamtafute jike aliyekimbia. Tulijenga njia nyembamba ya miti ya kuingilia kibanioni kabla ya siku hiyo, na kazi ilikwenda vema.

Dume 67 alipimwa tena katikati ya Machi akafaulu, akaingizwa kwenye kundi la pili kupanda wale ambao uhimilishaji haukushika. Kwa kuwa zimepita zaidi ya wiki tatu kati ya uhimilishaji na kuingia kwake, tarehe ya kuzaliwa itatosha kutuambia baba wa kila ndama. Siku chache za kwanza kila dume aliangaliwa kwa karibu anapopanda, kwa sababu dume mwenye hamu na mbegu safi anaweza kuwa na uume uliopinda, na hilo halionekani popote isipokuwa malishoni.

Suala la majirani lilihitaji busara kuliko yote. Malisho na lambo ni vya pamoja, na dume wa mtu mwingine hukutana na majike wetu majini kila siku. Tuliwaendea wazee wa kitongoji, na makubaliano yaliyofikiwa ni kwamba madume wadogo wasiohitajiwa wahasiwe kwa koleo, tukigharamia kazi ya afisa mifugo, na wenye majike wengi watapewa ndama wa kiume wa dume 41 mara watakapoachishwa. Wengine waliomba dume 41 awapandie majike wao. Tulikataa kwa upole na kueleza sababu, kwani majike wasiopimwa wanaweza kumwambukiza dume, na dume akalirudisha gonjwa hilo kwa vijiji vyote vinavyotumia lambo.

Julai 2024

Daktari amepima mimba kwa mkono. Majike wenye mimba ni wengi kuliko mwaka wowote katika daftari letu. Sifa ya kwanza naielekeza kwa mvua na ya pili kwa madume. Mwaka wa neema kama huu hauna uwezo wa kutofautisha jike hodari na jike wa kawaida, lakini huwafichua dhaifu kabisa: aliyekosa mimba mwaka huu hana la kujitetea. Wote waliokutwa watupu wameuzwa, akiwemo jike mmoja mrembo wa kilo 440 ambaye mama mkubwa alimpenda sana. Kwa sifa inayorithiwa kidogo kama uzazi, dume peke yake hubadilisha polepole, na kuwaondoa wasiozaa ndiyo njia inayozaa matunda katika msimu mmoja.

Desemba 2024 hadi Februari 2025

Ndama wamezaliwa. Kila mmoja alipimwa ndani ya saa 24 na kuvishwa hereni yenye namba ya mama na alama ya baba. Ndama wa dume 41 walikuwa kati ya kilo 21 na 27, na hakuna mama aliyehitaji kusaidiwa. Ndama wa Mpwapwa walikuwa wadogo kidogo, wenye rangi nyekundu na masikio yanayolala. Ndama wa dume 67 walikuja mwishoni na ni wachache.

Kwa kuwa eneo letu lina ndigana kali, ndama wote wamechanjwa kwa njia ya kuambukizwa na kutibiwa kwa wakati mmoja, chanjo iliyoanzia Muguga, Kenya. Nataja hapa kwa sababu ndama aliyeugua ndigana huachishwa akiwa mwepesi, na anayesoma daftari baadaye atamlaumu baba.

Julai 2025

Siku ya kuachisha. Uzito wote umesahihishwa hadi siku 205 na kuwekwa katika makundi ya jinsia na umri wa mama. Wastani wa ndama wa dume 41 umezidi wa ndama wa Mpwapwa kwa kilo chache tu, na tofauti kati ya ndama wa mama hodari na ndama wa mama dhaifu ndani ya kila kundi ni kubwa kuliko tofauti kati ya akina baba. Hilo lilitarajiwa. Uzito wa kuachishwa hubeba maziwa ya mama pamoja na urithi wa baba, na mchango wa baba husomeka wazi zaidi ndama anapojitegemea. Ndama wa dume 67 hatukuwalinganisha na wenzao, kwa kuwa walizaliwa mvua zikiwa zimesonga mbele na walinyonya katika majani yaliyoanza kukauka.

Jambo lililonifurahisha zaidi liko kwa mama zao. Majike walionyonyesha ndama wa Mpwapwa na wale walionyonyesha wa dume 41 wamemaliza na hali ya mwili inayofanana, na waliopandishwa tena Februari wameshika mimba kwa kiwango kizuri katika mwaka ambao haukuwa na El Niño.

Agosti 2025

Maamuzi ya msimu ujao yameandikwa na kutiwa saini na wanafamilia wote. Ndama wa kike wote wa dume 41 na wa Mpwapwa wanabaki, bila kuchaguliwa sasa, hadi wapite kiangazi hiki. Watapimwa Novemba mwishoni, na watakaopoteza uzito kupita kiasi ndio watakaouzwa. Ndama wa kiume wawili wa dume 41, wote wa majike ambao hawajapitisha mwaka, hawatahasiwa na watapelekwa kwa majirani kama tulivyoahidi. Dume 67 amepewa kundi kamili tangu Februari iliyopita, na hukumu yake itasubiri ndama wa Desemba ijayo, ambao watalingana na wenzao kwa tarehe.

Dume 41 atabaki nasi misimu mingine. Mabinti wake wa kwanza watafikia umri wa kupandwa Februari 2027, na kwa kuwa ndama wa baba na binti yake hubeba asilimia 25 ya kuzaliana kwa ndugu, lazima awe ameondoka kabla ya tarehe hiyo. Tumekwisha kuzungumza na mfugaji mmoja wa upande wa Mpwapwa mwenye madume wasio na udugu na wetu, na tumekubaliana kubadilishana Desemba 2026, madume wote wakipimwa damu, govi na mbegu Oktoba, ili likitokea lililotokea kwa dume 67 tuwe na muda wa kupima mara ya pili kabla ya msimu kufunguliwa.